Barua ya wazi kwa watengenezaji wa kamera yangu: nimeshukuriwa vya kutosha, sasa naomba sababu

Kwa Mkurugenzi Mkuu, pamoja na Mkuu wa Idara ya Usanifu wa Kamera

YAH: MAONI YA WATEJA NA MABORESHO YA KAMERA YENU

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari kilichotajwa hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa miaka tisa, mwenye kamera mbili na lenzi nne zenye nembo ya kampuni yenu, na ninaandika hadharani kwa sababu barua tatu nilizoiandikia idara yenu ya huduma kwa wateja hazikuzaa kitu. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, na ilijibiwa baada ya dakika mbili kwa ujumbe ulionishukuru kwa maoni yangu yenye thamani. Ya pili ilipata ujumbe uleule, neno kwa neno. Ya tatu, niliyoiandika miezi minane baadaye, ilijibiwa na mtu mwenye jina, ambaye kwa adabu nyingi alinieleza kwamba kampuni haina utaratibu wa kupokea mapendekezo kutoka nje, kwamba wahandisi wenu wanaijua kazi yao, na kwamba mteja akiulizwa anataka nini huomba kilekile alichonacho, ila chenye mbio zaidi. Jina la kampuni sitalitaja, wala la afisa huyo, kwa kuwa sikusudii kuwaharibia soko. Mtajitambua kwa maelezo, na kama kuna kampuni nyingine itakayojiona humu, basi barua ni yake vilevile.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kamera yenu hutoa rangi za ngozi ambazo sijaziona kwingine kwa bei hiyo, mshiko wake umekaa vizuri mkononi, na lenzi yenu ya milimita 50 nitazikwa nayo. Ingekuwa kamera mbovu ningekwisha kuiuza nikanyamaza, kwa maana hakuna anayepoteza siku tatu kuandika barua kuhusu kitu asichokipenda.

Sidai pia kwamba kila tunachokiomba mkitekeleze. Naomba tu mtenganishe mambo mawili ambayo afisa wenu aliyachanganya, yaani lalamiko na dawa yake. Mteja anapowaeleza panapomuuma, mwaminini, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wahandisi wenu hawailalii kamera hii usiku wa sherehe kwa saa kumi mfululizo. Anapowaandikia dawa, ipimeni kwanza, kwa kuwa hapo ndipo anapokosea mara nyingi. Sisi wateja tuliomba megapikseli, yaani wingi wa nukta zinazounda picha, kwa miaka mingi na tukapewa, ilhali wengi wetu tulichokuwa tukikilalamikia ni picha zisizotulia. Matokeo yake tukawa na mtikisiko uleule, unaoonekana kwa undani zaidi na unaojaza kadi haraka zaidi. Mngetusikiliza vizuri wakati ule, mngesikia neno "ukungu" kabla ya neno "megapikseli". Kwa hiyo kusikiliza ninakokuomba ni kazi ya kitaalamu, tena ngumu kuliko kuhesabu kura, na ndiyo maana inanisikitisha kuona mmeikabidhi kwa mashine ya kutuma shukrani.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kasi ya shata pale ISO inapojiendesha yenyewe. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa hiyo mniwie radhi nikilieleza kwa kirefu. Wahandisi wenu wanajua kwamba mwanga unaoingia kwenye picha huamuliwa na tundu la lenzi na kasi ya shata (yaani muda ambao pazia la kamera hubaki wazi), na kwamba ISO, yaani kiwango cha kamera kuukuza mwanga ulioingia, huja kukamilisha hesabu. Ninapochagua tundu mwenyewe na kuiachia kamera ISO, kamera yenu huipandisha ISO pale tu kasi ya shata inapotaka kushuka chini ya kiwango mlichokipanga ninyi, na kiwango hicho mmekifunga kwenye urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita zake), hivi kwamba kwa lenzi ya milimita 50 kamera hung'ang'ania 1/60 ya sekunde. Kanuni hiyo ni ya tangu enzi za filamu na ina mantiki yake, kwani humkinga mpiga picha dhidi ya mtikisiko wa mkono wake mwenyewe. Mwendo wa anayepigwa picha haiuzuii hata kidogo. Mtoto anayekimbia, mcheza dansi, mzee anayegeuza kichwa ili acheke vizuri, wote hao kwa 1/60 hutoka na ukungu usoni hata kama mkono wangu umetulia kama jiwe. Mzee anahitaji 1/250, na mtoto 1/500 au zaidi. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa naweza kuzipunguza baadaye kwenye kompyuta, lakini uso uliotoka na ukungu hakuna awezaye kuurudisha kama ulivyokuwa. Ninachoomba ni mstari mmoja katika menyu, utakaoniruhusu kuiambia kamera isishuke chini ya kasi fulani mpaka kwanza iwe imeipandisha ISO hadi mwisho wa ruhusa niliyoipa.

Afisa wenu alinishauri nitumie hali ya kupanga mwenyewe, yaani nichague tundu na shata, kisha niache ISO peke yake ijiendeshe. Nimefanya hivyo. Katika hali hiyo gurudumu la kufidia mwanga lililo juu ya kamera, ambalo huiambia iongeze au ipunguze mwanga wa picha, hufa. Unalizungusha na halibadilishi lolote. Basi bibi harusi aliyevaa gauni jeupe anatoka na gauni la kijivu, kwa sababu kipimo cha mwanga cha kamera hudhani weupe ule ni mwanga uliozidi na kuupunguza, nami sina pa kukisahihisha. Mmenifungia mlango wa mbele, mkanielekeza wa uani, na huo nao nikaukuta umefungwa kwa nje. Kamera za washindani wenu, zikiwamo za bei ya chini kuliko yenu, zina mstari huo ninaouomba.

2. Kitufe cha video. Kimewekwa pale hasa kidole gumba kinapopumzika, na kinaanza kurekodi kwa kuguswa tu. Ninamiliki video nyingi za viatu vyangu na za sakafu mbalimbali, pamoja na moja ya dakika 17 ya giza la ndani ya mkoba, yenye sauti safi kabisa ya zipu. Siku hiyo betri ilikata kabla kazi haijaanza. Menyu yenu inaruhusu vitufe vinne vipangiwe kazi nyingine, lakini hicho hakimo. Siombi mkihamishe, kwa kuwa najua umbo la kamera iliyokwisha kutoka kiwandani halirudi nyuma. Naomba neno "Zima".

3. Mabadiliko yasiyoulizwa wala kutangazwa. Sasisho la pili la programu ya ndani ya kamera lilihamisha amri ya kufuta kadi nzima hadi ukurasa wa kwanza wa menyu, chini kabisa ya amri ya kutazama picha, na likarudisha mipangilio yote ya vitufe kuwa ya kiwandani. Maelezo yaliyoambatana nalo yalikuwa sentensi moja iliyotaja maboresho madogo ya utendaji. Kwa mtu anayefanya kazi gizani, ambaye vidole vyake vimejifunza njia bila kutazama, hilo ni sawa na kurudi nyumbani ukakuta ngazi imehamishwa. Naliweka lalamiko hili hapa kwa sababu moja zaidi: linaonyesha kwamba programu ya kamera yangu inagusika. Mnapoamua wenyewe, menyu hubadilika. Tunapoomba sisi, tunaambiwa kamera ilishakamilika.

4. Mlango mmoja wa kadi ya kumbukumbu. Kadi hufa bila kuaga, na harusi au mazishi hayarudiwi ili mpiga picha apate nafasi ya pili. Milango miwili, kila picha ikiandikwa mara mbili, ndiyo bima yetu. Najua hili haliwezi kurekebishwa kwenye kamera niliyonayo, na ninalileta kwa ajili ya toleo lijalo. Mwaka 2018 Nikon ilitoa Z6 na Z7, na Canon ikatoa EOS R, zote zikiwa na mlango mmoja, na wapiga picha wa kazi walilalamika kwa sauti iliyosikika kila mahali. Mwaka 2020 Z6 II na Z7 II zilikuja na milango miwili, na EOS R5 na R6 vivyo hivyo. Kampuni hizo hazikushuka hadhi kwa kukubali kwamba wateja walikuwa na hoja.

5. Alama ya betri. Ina vipande vinne, na huruka kutoka viwili hadi chekundu bila kupitia kimoja. Onyesheni asilimia.

Mheshimiwa Mkurugenzi, najua yatakayosemwa ndani ya ofisi yenu barua hii ikisomwa, kwa sababu baadhi yake nimekwisha kuambiwa.

Mtasema kwamba mteja hajui anachokitaka, na pengine mtarudia ule usemi ambao afisa wenu aliugusia na ambao watu humpachika Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani, kwamba angewauliza watu wanataka nini wangeomba farasi wenye mbio zaidi. Hakuna ushahidi kwamba Ford aliwahi kuutamka. Linalojulikana ni kwamba gari lake la Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, alikataa kulibadilisha kwa kiasi walichokitaka wanunuzi hata wengi wao wakahamia kwa washindani, na mwaka 1927 ikambidi aache kulitengeneza na kuanza na gari jingine. Sidhani kama huo ndio mfano mnaoutaka.

Mtasema kwamba kamera iliyokwisha kuuzwa haiwezi kuboreshwa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu historia ya kamera za kidijitali inawakanusha waziwazi. Canon ilipotoa EOS 5D Mark II mwaka 2008, kamera ile iliweza kurekodi video ya ubora mkubwa kwa picha 30 kwa sekunde tu, na mwanga ikajipangia yenyewe. Watengenezaji wa filamu waliitamani hata wakaanza kuihadaa: walifunga lenzi za Nikon zenye gurudumu la tundu, au walilegeza lenzi kidogo ili mawasiliano ya umeme yakatike na tundu libaki walipoliacha. Ukiona mteja anailegeza lenzi yako makusudi ili kamera iache kumwamulia, hapo huhitaji utafiti wa soko. Canon ilisikia. Mwezi Juni 2009 ilitoa sasisho lililompa mtumiaji mamlaka juu ya mwanga wakati wa kurekodi, na Machi 2010 jingine lililoongeza picha 24 na 25 kwa sekunde. Kamera zilezile zilizokuwa mikononi mwa watu, bila skurubu moja kubadilishwa, zikawa vifaa vya kutengenezea filamu. Zingatieni pia kwamba watu wale hawakuomba kamera mpya ya video. Walilalamikia kizuizi kimoja kwenye kamera ya picha, na lalamiko hilo likaifungulia kampuni soko ambalo wasanifu wake hawakuwa wamelilenga.

Fujifilm iliuza X100 mwaka 2011, kamera nzuri ya kutazama na yenye kasoro nyingi katika kutumia, hasa polepole yake katika kupata fokasi, yaani kuilenga lenzi ili picha itoke bila ukungu. Iliendelea kuirekebisha kwa masasisho, na kilichonivutia zaidi ni lile la Oktoba 2013, lililoongeza kasi ya fokasi na msaada wa kulenga kwa mkono, wakati mrithi wake X100S alikuwa tayari dukani. Kwa hesabu ya mwenye haraka, huo ni upotevu: kwa nini umhudumie aliyekwisha kulipa, badala ya kumsukuma anunue mpya? Mimi naona walihesabu mbali zaidi. Sony nayo, ambayo wamiliki wa kamera zake walilalamika kwamba faili ghafi (picha ambazo kamera haijazichakata) zilikuwa zikibanwa na kupoteza taarifa, iliongeza chaguo la faili zisizobanwa kwenye a7R II kwa sasisho la Oktoba 2015. Kuhusu betri ndogo za familia hiyo ya kamera, programu isingesaidia, na wateja walisubiri hadi 2017 ilipoletwa betri mpya ya NP-FZ100. A7R II ilikuwa ikipimwa kuwa na uwezo wa picha 340 kwa chaji moja ukitumia skrini ya nyuma, na a7R III iliyoifuata picha 650. Ninyi wenyewe amueni ni lipi kati ya malalamiko yangu matano ni la kusubiri namna hiyo. Kwa maoni yangu ni moja tu, lile la nne.

Mtasema kwamba wanasheria wenu wamekataza. Kampuni nyingi hutangaza kwamba hazipokei mawazo yasiyoombwa, zikihofia kwamba kesho ataibuka mtu na kudai kuwa kamera mpya ni wazo lake na kwamba anastahili malipo. Hofu hiyo naielewa kwa mtu anayewaletea mchoro wa shata ya aina mpya. Mtu anayewaambia kwamba kitufe kinajibonyeza ndani ya mkoba hana hataza ya kudai. Kama tatizo ni hilo, wekeni tamko la mistari mitatu linalomtaka mtoa maoni akubali kwamba hatadai chochote, nami nitakuwa wa kwanza kulitia saini.

Mtasema kwamba wanaoandika barua ni wachache wenye kelele, wasiowakilisha wanunuzi wenu. Kwa sehemu ni kweli. Lakini wachache hao ni akina nani? Eric von Hippel, msomi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alichapisha mwaka 1976 uchunguzi wa maboresho katika vifaa vya kisayansi, na akakuta kwamba takriban asilimia 80 ya yale yaliyowaongezea watumiaji manufaa makubwa yalibuniwa, yakaundwa na kujaribiwa kwanza na watumiaji wenyewe kabla ya kiwanda kuyachukua. Kamera si darubini ya maabara, na sitaki kuuvuta ushahidi huo kupita urefu wake. Hata hivyo unatosha kuonyesha kwamba mtumiaji anayekisumbua chombo hadi kikomo hukutana mapema na shida ambayo wengine watakutana nayo baadaye.

Kuhusu wale walio kimya, nina jambo la kuwaambia ambalo huenda hamkulitarajia kutoka kwa mwenye kelele: wasikilizeni na wao, kwa kuwa ukimya wao una gharama kubwa kuliko barua zangu. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, zinaonyesha kwamba mwaka 2010 kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 zilisafirishwa kwenda sokoni, na mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu ndizo zilizobeba tofauti hiyo, na sisemi kwamba menyu nzuri ingeizuia simu. Nasema kwamba mamilioni hayo ya watu hayakuandika barua ya malalamiko. Waliiacha kamera kwenye droo. Aliyeshindwa kuhamisha picha kutoka kwenye kamera yenu hadi kwenye simu yake baada ya kujaribu mara tano hatajaza fomu ya maoni, na hamtamjua kamwe msipowatafuta watu wa namna yake na kukaa nao huku wakihangaika.

Kisha kuna hoja moja inayonipa shida kweli, na ningependa kuikubali kuliko kuirukia. Mtasema kwamba wateja wanapingana: mmoja anataka vitufe zaidi na mwingine vichache, mmoja kamera nyepesi na mwingine betri kubwa, na kwamba mkimridhisha kila mmoja mtapata menyu ya kurasa arobaini ambayo hakuna anayeimudu. Kamera za namna hiyo zipo na nimezitumia. Ni kweli pia kwamba uzito, joto na ukubwa wa betri vinavutana, na kwamba anayeomba vyote kwa pamoja anaomba muujiza. Nikubali basi kwamba mna haki ya kukataa, na kwamba kamera nzuri hutokana na mtu mwenye msimamo anayesema hapana mara nyingi. Ila hapana ya mwenye msimamo huwa na sababu nyuma yake. Mkiniambia kwamba kikomo cha kasi ya shata kinagongana na jinsi mfumo wenu wa kupima mwanga ulivyojengwa, nitasikitika na nitaelewa. Mkiniambia kwamba milango miwili ingeinenepesha kamera kwa milimita kadhaa na kwamba mmeuchagua wembamba, nitajua la kufanya ninapochagua kamera yangu ijayo. Siwezi kufanya lolote na neno "asante".

Nawakumbusha pia kwamba msipoamua ninyi, kuna siku wengine huamua kwa niaba yenu. Kwa miaka mingi wenye kamera waliomba chaji ya aina moja kwa vifaa vyao vyote, na kampuni nyingi ziliendelea kuuza kila kamera na chaja yake isiyoingiliana na nyingine. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kamera za kidijitali zinazouzwa huko ziwe na tundu la chaji la USB-C. Ombi la mteja lingeweza kutekelezwa kwa ratiba ya kampuni. Sheria imekuja na ratiba yake yenyewe.

Kwa hayo, naiomba kampuni yenu mambo yafuatayo. Kwanza, itolewe programu mpya ya ndani kwa kamera ninayoitumia, itakayoongeza kikomo cha chini cha kasi ya shata pamoja na fidia ya mwanga katika hali ya kupanga mwenyewe, itakayoruhusu kitufe cha video kuzimwa, itakayoonyesha asilimia ya betri, na itakayoondoa amri ya kufuta kadi mahali ilipo sasa. Hayo yote ni ya programu, na hakuna hata moja linalohitaji kufungua kamera. Pili, kila sasisho liambatane na orodha kamili ya kilichobadilishwa, na lisiguse mipangilio ya mtumiaji bila kumuuliza. Tatu, toleo lijalo la kamera hii liwe na milango miwili ya kadi, au mtuambie kabla hatujalipa kwamba halitakuwa nayo na kwa nini. Nne, ambalo kwangu ni zito kuliko yote yaliyotangulia, muwe mnachapisha kila baada ya miezi sita orodha ya mapendekezo mliyoyapokea kwa wingi, mkionyesha yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na yanayochunguzwa, na kwa kila lililokataliwa sentensi moja ya sababu, iliyoandikwa na mtu anayeijua kamera. Sihitaji jina langu liwemo.

Nitasubiri siku 90. Sitaitisha mgomo wala kumshawishi mtu asinunue bidhaa zenu, na msiponijibu nitaendelea kupiga picha kwa kamera hii mpaka ichakae, kwa kuwa nimekwisha kuilipia. Lenzi ya milimita 50 nitabaki nayo. Kuna adapta za kuifunga kwenye kamera za wengine, na nimeshaulizia.

Namba ya kamera imo katika barua yangu ya tatu. Wahandisi wenu wakitaka ushahidi, nina picha 212 za sherehe moja, zote za 1/60, nilizozipanga kwa mfuatano kuanzia zenye ukungu kidogo hadi zile ambazo huwezi kumtambua mtu. Nitazituma zote bila malipo, pamoja na ile video ya dakika 17 ya ndani ya mkoba.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu wa miaka tisa